Mama Ndiyo, anayelia ili maafisa wajifunze kuuliza

Saa tatu kasorobo asubuhi, Malita Nakhumwa ameshaanza kulia. Analia kwa kwikwi za chini chini, ncha ya kitenge machoni, miguu ameikunja upande mmoja juu ya mkeka. Mbele yake, kwenye kiti cha mbao, ameketi konstebo kijana mwenye fomu magotini.

"Mama, mtoto akirudishwa nyumbani utamwangalia?"

"Ndiyo, bwana."

"Ataripoti kituoni kila Jumatatu?"

"Ndiyo, bwana."

"Na baba yake yuko radhi?"

"Ndiyo, bwana. Yuko radhi sana."

Konstebo anaandika mbiombio, uso umemkunjuka. Anasogeza kidau cha wino. Malita anachovya dole gumba, analibandika chini ya ukurasa, anamwombea bwana baraka za Mungu.

Mara kilio kinakatika. Anajifuta uso na kumtazama kijana kwa huruma ya kweli.

"Umeanguka tena, mwanangu. Jumatatu ya kwanza mtoto wangu atakuja. Ya pili hatakuja. Ya tatu mtakwenda kumkamata."

Darasa zima linaangua kicheko. Konstebo Suzgo Nyirongo, mzaliwa wa Rumphi huko kaskazini mwa Malawi, anaigeuzageuza fomu kutafuta alipokosea. Kila mstari umejazwa, tena kwa mwandiko wa kupendeza.

Hiyo ndiyo kazi ya Malita, au nusu yake. Ana umri wa miaka hamsini na minne na ni mfagizi katika chuo kimoja mjini Zomba, mahali wanapofundishwa polisi, maafisa ustawi na makarani wa mahakama wanaoshughulika na watoto waliokinzana na sheria. Asubuhi anapiga deki. Ikifika zamu ya mazoezi anatundika aproni, anatandika mkeka, na kuwa mama wa mtoto aliyeiba.

Kwa ufagio analipwa kwacha laki moja na elfu thelathini kwa mwezi. Kwa kila siku ya kulia anaongezewa elfu tano. "Kulia kunalipa kuliko kufagia," anasema, "ila kufagia hakuumizi kichwa."

Wanafunzi wamempachika jina la Mama Ndiyo, kwa sababu hakatai kitu. Umwambie mtoto atalala kituoni, ndiyo. Umwambie atapelekwa mwezini, ndiyo, bwana, kwa gari gani? Mwaka jana, kati ya wanafunzi arobaini na wawili, ishirini na tisa walianguka mara ya kwanza, na wote walianguka wakiwa wamefurahi.

Kazi yenyewe aliipata kwa kucheka. Miaka sita iliyopita alikuwa anafagia veranda huku wanafunzi wakifanya igizo, na kijana mmoja amejifunga kitenge kiunoni kuwa mama. Mama huyo wa bandia alikuwa akibishana na afisa, anapiga meza, anadai haki zake kifungu kwa kifungu. Malita akashindwa kujizuia, ufagio ukamponyoka.

Mkufunzi, Mwalimu Ulemu Magombo, akatoka nje amekasirika. "Mama, kuna nini cha kuchekesha?"

"Nisamehe, mwalimu. Huyo mama wenu katokea nchi gani? Mimi sijaona mama wa kwetu akibishana na bwana wa serikali. Sisi tunasema ndiyo, tunakwenda zetu, na hakifanyiki kitu."

Magombo, mtu mfupi anayependa kujikuna kidevu akifikiri, alijikuna kidevu kwa muda mrefu. Kisha akamwambia aweke ufagio na aingie ndani.

Siri ya zoezi ni moja, na kila mtu wa kusini mwa Malawi anaijua kabla hajaota meno. Huku mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Ana sauti juu ya jembe lake na mkeka wake, lakini watoto si wake kuwasemea. Watoto ni wa mjomba, kaka wa mama. Yeye ndiye anayesimama penye kesi, penye msiba na penye ndoa. Mama anaweza kusema ndiyo mara mia. Kaka yake asipokuwepo, ndiyo hizo zote ni upepo.

Kwa hiyo afisa hafaulu mpaka aweke kalamu chini na kuuliza nani hayupo hapa. Basi. Hakuna jibu jingine analolitafuta Malita.

Watu wa kaskazini huanguka kwa sababu kwao mtoto ni wa baba, ng'ombe wa mahari wamelipwa na mambo yamekwisha. Wanaomshangaza Malita ni wa kusini wenzake. "Hao wamelelewa na wajomba zao, wamechapwa na wajomba zao. Lakini wakishika kalamu tu, wanasahau kwao. Fomu ina mstari wa baba na mstari wa mama, basi wanaona mjomba amekufa."

Anayasema hayo kwa utani. Lakini fomu hiyo anaijua kuliko walioichapisha, kwani dole gumba lake liliwahi kubandikwa juu yake siku isiyokuwa ya mazoezi.

Miaka kumi na moja iliyopita mwanawe, Fyson, akiwa na miaka kumi na minne, alikamatwa na gunia la mbaazi la tajiri mmoja wa kijijini. Malita alikuwa anaishi kule bondeni, upande wa ziwa Chilwa. Afisa aliyekuja alikuwa mpole. Aliuliza kama wazazi wamekubali mtoto arudi nyumbani na kuripoti kila wiki. Mumewe akatia sahihi. Malita akatia dole.

"Yule afisa hakuwa mbaya," anasema. "Alinipa hata leso. Nilimwambia ndiyo kwa sababu nilitaka aondoke."

Miezi miwili haikupita, mume akakunja mkeka wake na kwenda kuoa ng'ambo ya mpaka, Msumbiji. Mtoto akabaki bila mtu wa kumkemea. Akaacha kuripoti. Polisi wakaja na karatasi, na Fyson akakaa shule ya maadilisho miaka miwili na miezi tisa. Malita aliuza mbuzi wake na kuhamia Zomba ili awe anamwona Jumapili.

Kaka yake, Jailosi Nakhumwa, alikuwa anaishi kijiji cha pili, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli. Hakuitwa. Habari alizipata kwenye mashine ya kusaga mahindi, kutoka kwa mtu aliyekuwa anangoja unga.

"Mimi nina dada watatu," Jailosi alimwambia mwandishi wa habari hizi, bila kuinua macho kutoka kwenye kamba aliyokuwa anaisokota. "Watoto wao wote wako chini ya mkono wangu. Mmoja anahukumiwa, na mimi nasikia kwenye foleni ya unga. Wewe ungejificha wapi?"

Tangu siku hiyo hajamsemesha dada yake. Misibani hukutana, na Jailosi hupita akisalimia benchi zima kwa mkupuo, ili asilazimike kumsalimia yeye peke yake. Malita naye huitikia pamoja na benchi. Wamekwenda hivyo miaka kumi na moja, na kila mwaka ilizidi kuwa rahisi.

Kisha Fyson akapenda.

Fyson sasa ana miaka ishirini na mitano, anachomelea mageti karibu na soko, na mikono yake ina makovu ya cheche. Binti anaitwa Tereza, anauza nguo za mitumba mlango wa pili. Jamaa zake Tereza wamemkubali kijana tangu Aprili, ila wametoa sharti ambalo mtu yeyote wa huku angelitoa: aje na nkhoswe wake, yaani mjomba wa kusimamia ndoa na kubadilishana kuku na wajomba wa binti. Wamesema watangoja hadi mwisho wa Agosti. Baada ya hapo, yuko mwalimu wa shule ya msingi ambaye naye ameonyesha nia, na wajomba wake wako tayari hata kesho.

Wapo watu wanaoazima mjomba. Unampa mzee wa jirani koti na soda, anasimama, mambo yanakwisha. Malita alilipendekeza hilo. Fyson alikataa katakata.

"Nilimwambia mama, nimeshawahi kusemewa na mtu asiye na neno," anasema, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso. "Nililala ndani miaka karibu mitatu. Sirudii."

Mambo yalikuwa yamefikia hapo pale Mwalimu Magombo, ambaye hakujua lolote la ndoa hiyo, alipopata wazo. Chuo kilimkubalia kulipa mtu wa pili wa mazoezi: mjomba halisi, ili wanafunzi wakishauliza nani hayupo, wajue pia namna ya kuzungumza naye akija.

Alianza na dereva wa chuo. Dereva alikubali kila kitu kwa dakika mbili na kuuliza kama kuna chai. Akajaribu mlinzi wa getini. Mlinzi aliwafokea wanafunzi mpaka binti mmoja wa ustawi akalia machozi ya kweli. Ndipo Magombo akamgeukia mfagizi wake.

"Mama Malita, wewe huna kaka?"

"Ninaye."

"Basi mwite."

"Huyo haji, mwalimu. Mwite kasisi, mwite waziri, watakuja kabla yake." Kisha, kwa kuwa Magombo alibaki anajikuna kidevu tu, akamweleza yote, na ya Fyson, na ya Agosti. Ilikuwa tarehe kumi na mbili ya mwezi huo huo.

Magombo angeweza kwenda mwenyewe. Badala yake alimtuma Konstebo Nyirongo, aliyekuwa ameshaanguka mara mbili. Akifeli mara ya tatu, kituo chake kingemrudisha kwenye zamu ya barabarani, na dawati la watoto angelisahau. "Nenda ukamlete mjomba wa kweli," Magombo alimwambia. "Huo ndio mtihani wako."

Nyirongo alikwenda kwa pikipiki ya kituo, amevaa sare iliyopigwa pasi. Jailosi alipoona kofia ya polisi inakuja kati ya majaruba ya mpunga, alitokea mlango wa nyuma na hakuonekana hadi jioni. Nyirongo alirudi mjini na vumbi lake.

"Umekwenda kumkamata au kumwalika?" Malita alimuuliza, akiwa na ndoo mkononi.

"Kumwalika, mama."

"Na kofia?"

Mara ya pili alikwenda kwa baiskeli ya kuazima, kilomita kumi na nane, na shati la kawaida. Aliketi chini. Aliuliza habari za mpunga, za mbuzi, za goti la Jailosi lililokuwa linamsumbua. Akala nsima, ugali wa kwao, kwa mbaazi. Saa mbili zilipita kabla hajataja chuo, na alipokitaja hakufungua daftari.

Aliporudi, Magombo alimngoja mlangoni. "Amekubali?"

"Amesema amesikia."

"Amekubali au hakukubali?"

"Mwalimu, amesema amesikia. Mimi siwezi kuandika amekubali."

Magombo aliingia ofisini akiguna kwa furaha. Malita alikuwa amesimama pembeni na kitambaa cha dirishani, na hakufurahi hata kidogo. Anaijua "nimesikia" ya kaka yake: si ndiyo wala si hapana. Siku hiyo alifuta kioo kimoja hadi tarishi wa chuo akamwambia kimeshatakata.

Alhamisi ya tarehe ishirini na moja, saa nne, darasa limejaa. Malita yuko mkekani tayari. Nje kinasikika kitu kinaegemezwa ukutani, kisha mtu anafuta viatu kwenye zulia la mlangoni kwa muda mrefu kupita uchafu wenyewe.

Jailosi Nakhumwa anaingia na koti la kijivu, suruali bado imebanwa na vibanio vya baiskeli. "Hamjambo nyote," anasema, kwa mkupuo.

"Hatujambo," darasa linaitikia, na Malita ndani yake.

Magombo anampa kiti na kumweleza la kufanya: mtoto wa zoezi anaitwa Yusufu, ameiba simu. Mjomba akatae kwanza, abembelezwe, kisha akubali. Jailosi anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichotaka kununua.

Zoezi linaanza. Malita analia. Nyirongo anauliza, na Malita anasema ndiyo, bwana, ndiyo, bwana, mara nne. Safari hii konstebo haandiki. Anaiweka kalamu sakafuni, anageuza kiti chake chote.

"Mjomba," anasema, "kabla sijaandika neno, sijakusikia wewe. Wewe unasemaje kuhusu mtoto huyu?"

Mwanafunzi mmoja anakohoa. Magombo, kule nyuma, anadhani mzee amesahau maneno na anaanza kumnong'oneza, "Kataa, kataa kwanza."

"Mtoto huyu anaitwa nani?" Jailosi anauliza.

"Yusufu, mjomba."

"Anaitwa Fyson."

Hakuna anayecheka.

"Mngeniita ningekuja," anasema. Hamtazami dada yake, anamtazama konstebo, kana kwamba kijana huyu wa Rumphi, aliyekuwa mtoto wa shule wakati huo, ndiye aliyeleta ile fomu. "Siku ile ile ningekuja. Ningekuja kwa miguu. Mwenye mbaazi ningemrudishia mbaazi zake kutoka ghalani kwangu, na gunia juu. Mtoto ningemchukua nikamchapa mimi, nikamlimisha mimi, nikamlisha mimi. Jumatatu ningemleta kituoni kwa mkono wangu, na Jumatatu inayofuata, na inayofuata. Nilikuwepo. Nilikuwa nusu saa tu. Hakuna aliyeniuliza."

Malita, anayelipwa kulia, ameacha kulia. Machozi ya kazi yamekauka usoni na mengine hayaji. Anatoka mkekani kwa magoti mpaka kwenye saruji aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi hiyo, mbele ya viatu vya kaka yake.

"Nilikosa, kaka," anasema. "Nilimwogopa yule bwana. Halafu nikakuogopa wewe."

"Inuka," Jailosi anasema. "Inuka bwana, watoto wa watu wanatazama."

Watoto wa watu walikuwa wanatazama kweli, wengine kupitia vidole. Nyirongo alikuwa amesahau kabisa kwamba yuko kwenye mtihani, na fomu yake ilibaki nyeupe toka juu hadi chini. Magombo alimpa alama za kufaulu bila kuisoma, kwani hakukuwa na cha kusoma. Kesho yake alichukua rula, akachora kwa mkono mstari wa tatu chini ya ule wa mama kwenye kila fomu ya chuo, nakala mia mbili na zaidi. Makao makuu bado hayajui. Wakijua watasema.

Walipotoka nje, ndugu wawili walisimama kando ya baiskeli. Jailosi aliinama kukagua mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Hao watu wa binti," aliiambia baiskeli, "wanataka lini?"

"Kabla mwezi haujaisha."

"Na jogoo mnaye?"

"Ndiyo."

Jailosi akainuka. "Hiyo ndiyo yako ni ya mle darasani, au ya nyumbani?"

Malita akacheka mpaka akajishika ubavu, na hapo ndipo machozi yalipompata.

Ndoa imepangwa Jumamosi ya tarehe thelathini. Yule mwalimu wa shule ya msingi ameshapelekewa salamu. Fyson amepewa siku tatu bila kazi na bosi wake, na amenunua koti la mtumba kwenye kibanda cha Tereza, kwa bei aliyosema Tereza.

Darasa jipya linaanza Oktoba, na Mama Ndiyo atalia kama kawaida. Jailosi amekubali kazi ya mjomba, kwa sharti lake mwenyewe: hataki kuja chuoni kungoja kwenye kiti. Wanafunzi wamfuate bondeni, mmoja mmoja, bila kofia.

Ila kabla ya yote hayo, Malita ana safari. Jumapili hii, akitoka kanisani, atakwenda bondeni pamoja na Fyson. Atabeba unga, chumvi na kitambaa cha shati, na atapiga magoti tena, safari hii uani kwa kaka yake, mbele ya jamaa na majirani. Anasema ya darasani haihesabiki, maana alilipwa elfu tano siku ile.

Aliulizwa kama anaogopa. Alikuwa anakamua tambara la deki, na aliendelea kulikamua hata maji yalipokwisha.

"Maafisa mia mbili na zaidi nimewafundisha wakamtafute mjomba," alisema. "Nimewaangusha, nimewacheka. Na mimi mwenyewe, miaka kumi na moja, njia ninaijua, sikuwahi kwenda."